Maswali na majibu: Vinyoya kwenye Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi

Michezo hii ni ya nani hasa? (Msomaji, Tanga)

Ya visiwa saba: Komoro, Madagaska, Maldivi, Mayotte, Morisi, Reunion na Shelisheli. Ilianzia Reunion mwaka 1979. Mwaka 2023 iliandaliwa Madagaska, na ya 2027 wamepewa Komoro. Mpira wa vinyoya (badminton) umo.

Madagaska ina watu karibu milioni 30, Shelisheli laki moja na kidogo. Haki iko wapi? (Msomaji, Mombasa)

Wingi wa watu haumpi mtu ukumbi wala kocha. Hata kinyoya chenyewe, kile kinachopigwa kwa raketi, kikiwa cha manyoya ya bata bukini hakidumu. Mechi moja kali humaliza kadhaa, na visiwani, vinyoya vyote huagizwa kutoka nje. Morisi haifiki hata watu milioni moja na nusu, lakini Kate Foo Kune, mchezaji wa vinyoya, ndiye aliyeibebea bendera kwenye Olimpiki ya Rio 2016.

Si bora waende mashindano makubwa tu? (Msomaji, Dodoma)

Wengine hawana mlango huo. Reunion na Mayotte ziko chini ya Ufaransa, hivyo kwenye Olimpiki mtoto wa huko huvaa jezi ya Ufaransa. Hapa huvaa ya kisiwa chake. Maldivi nao wamo Asia, wanakokutana na China na Indonesia. Fathimath Nabaaha Abdul Razzaq wao amefika Olimpiki za Tokyo na Paris, lakini mchezaji hakomai kwa kufungwa raundi ya kwanza kila mara. Anahitaji mpinzani wa kiwango chake, aende naye hadi seti ya tatu. Mimi naithamini michezo hii kwa sababu hiyo kuliko medali zake.

Nasikia Antananarivo kinyoya hukimbia. Kweli? (Msomaji, Arusha)

Kweli kabisa. Mji uko mita 1,280 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na haikizuii sana. Kijaribu hivi: simama kwenye mstari wa nyuma, kipige kwa nguvu kutoka chini kwenda juu. Kinatakiwa kitue sentimita 53 hadi 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikipitiliza, chukua cha namba ya kasi ya chini zaidi, ndicho cha polepole. Huko kwenu Arusha, mwinuko hautofautiani sana, fanyeni hivyohivyo.

Zanzibar je? (Msomaji, Pemba)

Si mwanachama. Natamani sana ingekuwemo.