Mmenyuko unaotoa joto darasani: mrututu na unga wa zinki vinatosha

Mwalimu, umesema una wanafunzi 60 wa kidato cha tatu, maabara haina kabati la kuvuta gesi, na unafikiria kuwaonyesha mmenyuko unaotoa joto kwa sodiamu kwenye maji, au kwa kumimina asidi kali ya salfuriki juu ya sukari. Tafadhali viache vyote viwili. Sodiamu ikizidi ukubwa wa punje ya mchele inaweza kulipuka na kurusha matone ya moto yenye sodiamu haidroksaidi, na walio mbele ndio watakaoyapata machoni. Asidi na sukari hutoa salfa dayoksaidi na kaboni monoksaidi, na kufungua madirisha hakutoshi. Tena mwanafunzi atakumbuka moto na moshi tu, bila namba hata moja ya kuandika daftarini.

Tumia mrututu (kopa salfeti) na unga wa zinki. Pima gramu 25 za fuwele za mrututu, yeyusha kwenye maji kama mililita 400, kisha ongeza maji hadi zifike 500. Hapo una moli 0.2 kwa lita. Makundi 10 ya watu sita, kila moja mililita 25, yatamaliza 250. Nusu inayobaki ni ya kurudia, maana hakukosi kundi litakalomwaga. Ukinunua duka la pembejeo soma lebo vizuri: kopa oksikloraidi nayo ni dawa ya ukungu kama mrututu, lakini ni unga wa kijani usioyeyuka na haufai hapa.

Zinki iwe ya unga, gramu 1 kwa kundi, uipime mwenyewe mapema na kuifunga kwenye vikaratasi. Kinachohitajika hasa ni gramu 0.33, ila tunaweka ziada makusudi ili mrututu wote uishe. Vipande vikubwa vya zinki havifai: hufunikwa na shaba, mmenyuko unazorota, na joto linapotea hewani kabla kipimajoto hakijalisoma.

Kikombe kiwe cha foma, vile vyeupe vyepesi, kikae ndani ya bika ili kisipinduke. Bika ya kioo peke yake hunyonya joto na kulipitisha nje. Foma ikikosekana, zungushia kikombe cha plastiki tabaka kadhaa za gazeti. Kipimajoto kiwe cha spiriti, si cha zebaki, na wakoroge kwa kijiti. Wakikoroga kwa kipimajoto, ncha yake inaweza kupasuka.

Wote wavae miwani ya kinga, na moto wowote maabarani uzimwe, kwa sababu vipovu vichache vya haidrojeni huwa vinatoka. Wasome joto la mrututu kila nusu dakika hadi dakika ya 2.5. Dakika ya 3 wamwage zinki yote kwa mkupuo mmoja wakikoroga, bila kusoma. Kuanzia 3.5 wasome tena kila nusu dakika hadi ya 10. Wataona bluu ikififia mpaka maji yawe karibu meupe, na chini pametuama unga mwekundu wa kahawia, ndiyo shaba. Kwenye grafu, mstari wa kupoa waurudishe nyuma hadi dakika ya 3. Hapo ndipo panaposomwa ongezeko la kweli la joto, kwa sababu kikombe kilishaanza kupoa kabla mmenyuko haujamalizika.

Hesabu yake ni nyepesi. Mmenyuko huu hutoa kilojuli 217 kwa moli, na hapa kuna moli 0.005, yaani juli 1,085. Mililita 25 za maji zinahitaji juli 105 kupanda nyuzi moja. Jibu ni nyuzi 10.3. Wakipata 8 au 9 usiwakate alama, waulize joto lililobaki limekwenda wapi.

Hatari kubwa iko kwenye ukolezi. Maelekezo mengine hutumia moli 1 kwa lita kwa ujazo uleule. Hapo joto hupanda kama nyuzi 50, toka 27 hadi karibu 80, na kikombe chepesi kinachofuka mvuke mkononi mwa mwanafunzi aliyeshtuka kitamwagika tu. Kwa hiyo chupa ya fuwele isibaki mezani, wasije "kuongeza kidogo".

Asidi ya hidrokloriki na sodiamu haidroksaidi za moli 1, mililita 50 kwa 50, hupandisha nyuzi 7 tu, na haidroksaidi ya ukolezi huo huunguza jicho vibaya. Kwa darasa kubwa mimi sioni sababu ya kuichagua.

Kinachonoga zaidi ni kuweka kikombe cha pili pembeni: gramu 10 za mbolea ya urea kwenye mililita 50 za maji. Joto hushuka karibu nyuzi 10. Wasome kipimajoto kwenye vikombe vyote viwili, na tofauti ya kutoa na kunyonya joto haitawatoka.

Mabaki usiyamwage mtaroni, chumvi za shaba na zinki huua samaki. Chuja, maji yake yaweke kwenye chupa ya taka yenye lebo. Unga uliobaki kwenye karatasi ya chujio una zinki mbichi, na ukiwa na unyevu unaweza kupata moto wenyewe, kwa hiyo usiutupe kwenye pipa la karatasi wala kuufungia kwenye kopo. Uache ndani ya maji, kwenye chombo kilicho wazi, hadi utakapoupeleka panapopokea taka za maabara.