Anzia mahakamani: nilivyojifunza kufundisha Mabepari wa Venisi

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha tamthilia nilimaliza wiki tatu kwa maisha ya Shakespeare: kuzaliwa 1564, kufa 1616, ukumbi wa Globe, malkia Elizabeth. Wanafunzi waliandika kila neno, kasoro waliokuwa wamesinzia. Tulipofika kwenye kitabu chenyewe walishapata desa, na hakuna aliyekifungua.

Siku hizi naanzia katikati. Nachukua tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 na kuingia moja kwa moja kwenye kesi, tendo la nne. Nawapa machache tu: Antonio amekopa dukati 3,000 kwa ajili ya rafiki yake Bassanio, miezi mitatu imepita, hana kitu, na mkopeshaji Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wake kama mkataba unavyosema. Basi, simameni msome.

Muhula mmoja kijana aliyekuwa Shylock alivua lapa, akaanza kunoa rula kwenye soli. Darasa zima likacheka. Akaendelea kunoa taratibu, macho chini, hadi aliyekuwa Antonio akafungua kifungo cha shati. Kimya. Ndipo mtu wa nyuma akasema, "Hii sasa ndiyo kausha damu!" Nadhani hakukuwa na asiyemjua shangazi au jirani aliyebebewa friji na wakopeshaji wa namna hiyo. Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria kumwokoa Antonio, alipofika pale anapomruhusu Shylock kukata nyama bila kudondosha tone la damu, mimi sikuwa na la kufafanua.

Kunoa kisu kwenye soli, kwa taarifa yako, kumo ndani ya tamthilia. Kwa Kiingereza "soli" na "roho" hutamkwa sawasawa, na Shakespeare anapachezea hapo. Waulize wanafunzi wangefasirije, kisha ukae pembeni.

Halafu njoo kwenye jina. Kwa Kiingereza, The Merchant of Venice, mfanyabiashara ni mmoja, naye ni Antonio, ingawa wengi hudhani ni Shylock. Mwalimu akaandika "mabepari", wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Ni nani hao? Bassanio anayefukuzia mke mwenye mali yumo? Swali hili nalitengea kipindi kizima na halitoshi. Wa historia huwa wakali. Wa fasihi humtetea Antonio mpaka jasho.

Uyahudi wa Shylock usiuruke. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, kwa hiyo watazamaji wengi wa Shakespeare, miaka 300 baadaye, walimjua Myahudi kwa kusimuliwa tu. Mimi niliwahi kuruka nikiogopa zogo, na Shylock alipolazimishwa kubadili dini darasa likapiga makofi. Tangu hapo, kesi ikiisha, nawarudisha tendo la tatu, pale anapouliza kama Myahudi hana macho. Msomaji namchagua miongoni mwa waliopiga makofi.