Maswali ya wasomaji: Mwandiko wake bado uko kwenye karatasi

Barua ni nyingi mwezi huu na nafasi ni ndogo, nimechagua tatu zinazohusiana. Mi ni mpiga selo, ile ala kubwa ya nyuzi inayopigwa kwa upinde ukiwa umekaa, nimekaa kwenye okestra miaka mingi na bado nafundisha, kwa hiyo najibu nilichokiona.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Anayenifundisha selo ameumwa mkono, hapigi tena, ananielekeza kwa maneno tu. Watu wananishauri nitafute mwingine. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usimwache kwa sababu hiyo. Jacqueline du Pré, mpiga selo wa Uingereza, alirekodi konchato ya mtunzi Elgar, yaani muziki wa selo moja mbele ya okestra nzima, mwaka 1965 akiwa na miaka 20 tu, na mwaka 1973 ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukamnyang'anya hisia za vidole, akaacha kupiga hadharani akiwa na miaka 28, lakini aliendelea kufundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwalimu asiyeweza kukuonyesha kwa mkono analazimika kusikiliza mara mbili zaidi, na wewe unalazimika kuitafuta sauti mwenyewe badala ya kuiga. Akikwambia usibonyeze upinde, acha uzito wa mkono ushuke wenyewe, hayo si maneno ya kujazia muda, ndo kazi yenyewe hiyo.

SWALI: Kwenye suiti za mtunzi Bach, yaani mafungu ya vipande vya selo peke yake, mwalimu wangu anasema unganisha noti tatu kwa mpitisho mmoja wa upinde, rekodi moja nasikia mbili mbili, nyingine nne. Nani yuko sahihi?

JIBU: Swali hili nalipenda sana. Bach aliandika hizo suiti sita miaka ya 1720 hivi, ila karatasi alizoandika kwa mkono wake hazijapatikana mpaka leo, tunachotegemea ni nakala, na maarufu zaidi ni ya mke wake Anna Magdalena. Sasa ile mistari iliyopinda ya kuunganisha noti, kwenye nakala yake imekaa ovyo, inaanzia katikati ya noti mbili hujui ni ya ipi, na nakala nyingine hazikubaliani nayo. Noti tunazo karibu zote, upinde ndo tunagombania. Mpiga selo Pablo Casals alizikuta akiwa na miaka 13 kwenye duka la karatasi za muziki Barcelona, akazifanyia kazi miaka mingi ndo akathubutu kuzipiga mbele za watu, na kuzirekodi zote ilikuwa kati ya 1936 na 1939. Kwa hiyo mwalimu wako akikuandikia tatu, ujue kuna mtu alimwandikia yeye. Muulize ni nani. Kwa kweli muulize, mi sikuuliza, na wangu ameshafariki, nimebaki napiga alama ambazo sijui zilianzia kwa nani.

SWALI: Tumefiwa na mwenzetu wa okestra, tumeombwa tupige kwenye mazishi. Nitawezaje bila kulia?

JIBU: Poleni sana. Wa filimbi na tarumbeta ndo wanapata shida kubwa, koo likikaza hakuna sauti, muwape sehemu fupi. Sisi wa nyuzi tunaweza kupiga huku tunalia, we futa tu machozi kwenye mbao baadaye. Chagueni kitu ambacho mikono yenu inakijua bila kufikiri, msichague kigumu eti kwa heshima, sisi tulifanya hivo kwa rafiki yangu na katikati tukapotezana, mpaka leo inaniuma. Toa pumzi yote nje kabla ya noti ya kwanza. Usiangalie familia, angalia upinde wa kiongozi wenu.

Huyo rafiki yangu tulikaa stendi moja. Kwenye okestra wapiga selo wawili wanasoma karatasi moja, wa ndani, yaani aliyekaa mbali na watazamaji, ndo anafunua ukurasa na kuandika alama kwa penseli, na huyo wa ndani alikuwa yeye. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria habari ya ukurasa. Alipofariki akaja kijana mzuri tu, anapiga vizuri, ila alifunua nusu ya ba, kile kipande kidogo cha muziki kati ya mistari miwili ya wima, mapema kuliko nilivyozoea na mikono yangu ikasimama, yaani hapo ndo nilielewa kwamba ameondoka, mazishini nilikuwa bado sijaelewa.

Karatasi zake tunazitumia bado. Kachora miwani pale inapotakiwa umwangalie kondakta, kaandika "pumua" kabla ya solo, na sehemu moja kaweka alama ya V, yaani upinde uanzie nchani usukumwe kwenda juu, mahali ambapo mi siku zote nilitaka uvutwe. Tulibishana juu ya hiyo V miaka na miaka. Juzi mwanafunzi wangu kaja na kifutio, anauliza mwalimu tuifute hii, maana unavyotufundisha ni tofauti. Nikamwambia hapana, ipige kama ilivyo, nikachukua selo yangu nikaipiga naye, upinde kwenda juu.