VFR800 yangu inamaliza betri: shida iko wapi?

SWALI: Jambo sana papa fundi. Nina Honda VFR800 ya mwaka 2003, niliinunua ikiwa imetumika Afrika Kusini. Ninakaa Lubumbashi, Kampemba, na kazi inanipeleka Likasi na Kolwezi karibu kila wiki mbili. Kwa ajili ya giza na malori nilifunga taa mbili za ziada za wati 55 kila moja, vishikio vya kupasha mikono joto kwa baridi ya mwezi wa sita, na chaja ya simu. Betri hii ni ya pili tangu mwaka uanze. Asubuhi stata inazunguka kwa shida, saa ya dashibodi inarudi 1:00, na nikisimama kwenye foleni taa zinafifia. Mmoja ananiambia ninunue betri kubwa zaidi, mwingine anasema koili za chaji zimeungua. Tena mgongo unaniuma, nataka kuinua usukani. Kuna hatari? Na kabla ya kwenda Kolwezi niangalie nini kwenye tairi na cheni? Aksanti sana.

JIBU: Jambo sana ndugu yangu. Kwanza kabisa, usinunue betri ya tatu, wala kubwa wala ndogo. Betri ni kama pipa la maji nyumbani: bomba likileta kidogo kuliko mnavyochota, pipa kubwa litachelewa kukauka, lakini litakauka. Tunachotafuta ni bomba.

Kwenye VFR, koili za chaji zinatoa umeme wa mkondo geu kupitia nyaya tatu za njano. Nyaya hizo zinaingia kwenye regulata, kile kipande cha aluminiamu chenye mapezi kilichofungwa nyuma, chini ya mkia. Regulata inaugeuza umeme kuwa mkondo mnyoofu, kisha inazuia volti zisipande kupita kiasi. Ile ya zamani inazuia kwa njia moja tu: umeme wa ziada inaurudisha kwenye koili na kuugeuza joto. Ndiyo maana inachemka hata kama hujafunga taa yoyote. Ichemkie chini ya plastiki, mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, uone plagi zake (viunganishi vya nyaya, si plagi za cheche) zitapona vipi. Wenye VFR wa nchi nyingi wanaijua sehemu hii kuwa ndiyo dhaifu kwenye pikipiki ambayo injini yake ni imara sana.

Sasa chukua tesita, hata ile ya bei ndogo ya sokoni. Chaji betri ijae, iache ipumzike usiku mzima, kisha pima asubuhi kabla ya kugusa ufunguo. Betri nzima inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Washa injini huku tesita ikiwa bado kwenye betri: stata ikizunguka, namba isishuke chini ya 9.5 au 10. Saa yako inarudi 1:00 kwa sababu hapo ndipo volti zinapoporomoka.

Injini ikishapata moto, zima vitu vyote vya ziada, panda mpaka mizunguko 5,000 kwa dakika, usome tena kwenye betri. Unataka kati ya 14 na 14.8. Ukiona zaidi ya 15, regulata haizuii tena na inapika betri. Simama hapo, usiende popote nayo. Ukiona 12.9 au 13.2, umeme haufiki, na hapa ndipo mafundi wengi wanakimbilia kununua vipuri. Mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, nilimbadilishia mteja betri mbili na regulata moja kabla ya kuvuta plagi ya nyaya za njano na kuitazama. Plastiki yake nyeupe ilikuwa imekauka na kuwa kahawia kama ukoko wa bukari (ugali), pini moja imekuwa nyeusi, na nilipoibonyeza kwa kidole ikakatika. Mtu yule alikuwa ametumia pesa ya miezi miwili. Bado linaniuma, na tangu siku ile plagi ndiyo ninayoifungua mwanzo.

Kwa hiyo fuata nyaya tatu za njano kutoka injini mpaka plagi, uifungue, uitazame kwenye mwanga wa jua. Kisha fanya kipimo ambacho watu wachache wanakifanya. Injini ikinguruma na taa zikiwaka, weka ncha moja ya tesita kwenye waya wa chanya unaotoka regulata na nyingine kwenye chanya ya betri. Tesita inapaswa kusoma karibu sufuri, isizidi volti 0.2 au 0.3. Rudia upande wa hasi, kutoka waya wa masi (wa hasi) wa regulata mpaka hasi ya betri. Ukiona 0.8 au volti nzima, hiyo ndiyo inayopotea njiani. Koili zinafanya kazi, regulata inafanya kazi, lakini waya na kutu vinakula umeme wako.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kata plagi iliyoungua, unganisha zile nyaya tatu za njano moja kwa moja kwa risasi ya kuchomea, uzifunike kwa mpira unaobana kwa joto. Usihangaike waya upi unakwenda wapi kati ya hizo tatu, mpangilio haubadilishi kitu. Kisha vuta waya mpya mnene kutoka masi ya regulata mpaka hasi ya betri, na mwingine wa chanya wenye fyuzi ya ampea 30 karibu na betri.

Kama plagi ni safi na bado volti ni ndogo, pima koili. Tenga nyaya za njano kutoka regulata, weka tesita kwenye mkondo geu, injini iwe mizunguko 5,000, upime kila jozi: wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu. Utapata volti nyingi, makumi kadhaa, kwa hiyo usishike nyaya kwa mikono. Kinachotakiwa ni namba tatu zilingane. Jozi moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, koili imeungua. Zima injini, pima kati ya kila waya wa njano na fremu: pasiwe na njia hata kidogo. Koili zikipita vipimo hivi na nyaya ni nzuri, basi ni regulata, na nakushauri utafute ya aina ya mosfeti (inayotumia transista), kama Shindengen FH020AA. Haichemki kama ile ya zamani.

Sasa vitu ulivyofunga. Taa mbili za wati 55 ni wati 110, karibu ampea 8. Ongeza vishikio, kama ampea 3. Ukiwa barabarani kwa mizunguko 5,000 koili zinaweza kubeba. Ukiwa kwenye foleni injini inazunguka polepole, feni ya rejeta imewaka, taa kubwa zimewaka, na pampu ya esansi (mafuta ya kuendeshea injini) nayo inakula. Pale unachota kwenye pipa. Betri yako ni ya ampea-saa 11 tu. Badilisha taa ziwe za LED za wati 20 kila moja, utaona mbele vizuri na utatumia ampea 3 badala ya 8. Zipitishe kwenye rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme) yenye fyuzi yake, na waya wa kuamsha rilei uutoe kwenye taa ndogo ya nyuma, ili zizimike zenyewe unapochomoa ufunguo. Swichi nayo uiweke mahali dole gumba linafika, uzime taa na vishikio kila unaposimama kwenye foleni.

Chaja ya simu ninaishuku sana. Kama umeifunga moja kwa moja kwenye betri, inanyonya usiku kucha. Fungua waya wa hasi wa betri, uweke tesita ya ampea katikati ya waya na betri, ufunguo ukiwa nje. Miliampea chache ni za saa na kompyuta ya pikipiki. Zikiwa makumi, umempata mwizi. Wakati tesita iko hapo, usiwashe ufunguo wala stata, utaichoma.

Kuhusu usukani: kuinua kwa sentimita 2 au 3 hakuna ubaya, kunasaidia mgongo na viganja. Hatari iko kwenye mipira ya breki na ya klachi, maana klachi yako ni ya mafuta, na kwenye kebo za gesi (zile za kuongeza mwendo). Ukishafunga, injini ikinguruma na pikipiki ikiwa imesimama, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Mizunguko ikipanda yenyewe, kebo imevutika, na siku moja itakuvutia gesi kwenye kona. Mpira ukikaza kama kamba, weka mrefu zaidi. Usikubali fundi akuambie utalegea wenyewe.

Tairi: bari 2.5 mbele na 2.9 nyuma, zikiwa baridi, kabla hujaondoka nyumbani. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nyingi za mitumba zinazofika hapa zina meno mazuri na mpira uliokwisha kukauka.

Cheni ilegee milimita 25 hadi 35. Gurudumu la nyuma la VFR limeshikwa upande mmoja, kwa hiyo unalegeza boliti ya kubana na kuzungusha ekisentriki (kile kipande cha duara kinachosogeza ekseli) kwa spana ya ndoano. Asikugongee mtu kwa patasi na nyundo, nimeona meno ya ekisentriki yaliyoharibiwa hivyo. Cheni ioshe kwa mafuta ya taa, yale tunayoita petroli, si kwa esansi, maana esansi inaharibu vipete vya mpira ndani ya cheni. Kwa vumbi la kiangazi, ipake oili kila kilomita 500, yaani baada ya kwenda na kurudi Kolwezi ni lazima.

Ukishatengeneza nyaya, usiende Kolwezi siku hiyohiyo. Nenda Likasi kwanza, ni kilomita kama 120, uzime injini na uguse zile nyaya za njano pale ulipoziunganisha. Vuguvugu ni sawa. Zikikuchoma kidole, rudi polepole, taa za ziada zikiwa zimezimwa, uniandikie namba zote ulizopima.