Robo mwaka ni lini hasa?

SWALI: Mkataba unasema nilipe "kila robo mwaka". Ni mara tatu kwa mwaka?

JIBU: Hapana, ni mara nne. Robo mwaka ni miezi mitatu. Mara tatu kwa mwaka ni kila miezi minne, na hapo ndipo wengi huteleza. Kwa kalenda, robo huisha 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Lakini mwaka wa fedha ukianza 1 Julai, Januari hadi Machi ni robo ya tatu, si ya kwanza! Tena "kila baada ya miezi mitatu" huweza kuhesabiwa tangu mkataba uanze: ukianza 15 Februari, unalipa 15 Mei. Dai tarehe ziandikwe.