Mpira ukishatoka mkononi, mkono hauna kazi tena

SWALI: Mwalimu, tulipewa mpira wa kilo 0.2 uliorushwa wima, tukaambiwa tuchore kani zinazoukabili ukiwa bado unapanda, tukipuuza hewa. Nilichora uzito kuelekea chini, na mshale mrefu zaidi wa kani ya mkono kuelekea juu. Nimekoseshwa. Kama hakuna kani ya kuupandisha, mpira unapandaje?

JIBU: Kani ni moja tu, uzito, na inavuta chini. Mpira ukipanda, ukifika kileleni au ukishuka, ni ileile ya takriban niutoni 2.

Mshale wako huo wa juu nakutana nao kila ninaposahihisha, kwa hiyo hebu tuuamini kidogo tuone unatufikisha wapi. Tuseme mkono unatoa niutoni 5. Ondoa 2 za uzito, zinabaki 3 za kwenda juu. Gawa kwa 0.2: mchapuko ni 15, kuelekea juu. Yaani mpira wako unazidi kushika kasi kadiri unavyopanda! Mpira wa kweli, ukiurusha kwa mita 20 kwa sekunde, sekunde moja baadaye umebakiwa na mita 10 hivi, na sekunde ya pili umefika sifuri. Wapo wanaosema hapo kileleni kani ni sifuri pia. Ingekuwa hivyo, mpira ungebaki ukining'inia hewani.

Unapanda kwa sababu ulipoachiwa ulikuwa tayari unapanda. Kazi ya kani ni kubadilisha mwendo, na mwendo wenyewe hauhitaji wa kuusukuma. Chombo cha anga za juu Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977, na hadi leo kinakwenda kilomita 17 hivi kila sekunde bila injini ya kukisukuma mbele.

Kukosea hapa si aibu. Katika karne ya 14 Jean Buridan, msomi mkubwa wa Paris, alifundisha kwamba mrushaji huacha msukumo ndani ya kitu alichokirusha, na ndivyo ulivyowaza wewe. Ila yeye aliishi kabla ya Newton. Hawa wanaouza mbinu za kufaulu fizikia kwa usiku mmoja wana kisingizio gani? Kanuni yao ni "chora mshale kule kitu kinakoelekea." Kwa kitoroli kilichoanza kuvutwa kutoka kusimama inakubali, na ndiyo maana wanafunzi wanaimeza. Sasa muulize mmoja wao kuhusu gari linalofunga breki: linakwenda mbele, jumla ya kani iko nyuma. Atakuletea ile pembetatu ya herufi za kani, kilo na mchapuko, uzibe moja upate jibu. Namba utaipata kweli, lakini kani ni ya nani juu ya nani hutajua.

Mimi nadai jambo moja kwa kila mshale: nitajie anayetoa kani hiyo sasa hivi, si aliyeitoa zamani. Mkono haugusi mpira, basi futa.

Na asiyefuta mapema huendelea na kosa lake hadi mada za mbele. Kwenye mwendo wa duara atachora mshale wa kuelekea nje usio na mwenyewe. Ukimpa chombo kinachozunguka kilomita 400 juu yetu, atakuapia kwamba huko Dunia haivuti, ilhali mvutano wa pale ni karibu asilimia 90 ya huu wa ardhini, na ndio unaokizuia kisiende zake moja kwa moja.