Taa ya maji ya rejeta inapowaka alfajiri na kuzima mchana

Mimi ni mama wa viazi. Mara mbili kwa wiki nachukua mzigo Molo na kuupeleka Kisumu, soko la Kibuye, na kwa kuwa wakulima wangu hupenda kupakia jioni, gari hulala Molo nyumbani kwa dada yangu. Saa kumi na moja alfajiri nang'oa nanga. Gari lenyewe ni van la mizigo la Kijerumani, nililipata mkono wa pili, na mimi mwenyewe ndiye dereva.

Ilikuwa Julai. Molo ya Julai anayeijua anaijua: unavaa sweta mbili na bado unapuliza vidole. Nikazungusha ufunguo, na kabla injini haijashika vizuri nikasikia ti, ti, ti. Kwenye dashibodi taa nyekundu inawaka na kuzima, ile yenye mchoro wa kipimajoto kilichozama kwenye mawimbi. Nikafungua boneti, nikamulika kwa simu. Kwenye kopo la akiba, maji yalikuwa chini ya mstari wa chini kwa upana wa kidole. Nikaongeza maji ya jerikeni, taa ikazima, nikaenda zangu. Nilipofika Kisumu, jua limeshapanda, nikachungulia tena: maji yamepita mstari wa juu! Nikajiambia gari limepona.

Wiki iliyofuata, Molo tena, ti, ti, ti.

Nikampelekea fundi mmoja wa Kisumu, kijana mchangamfu. Saa sita mchana, joto la ziwa mnalijua. Akafungua boneti, akagonga kopo kwa kucha, akacheka. "Mathe, maji yamejaa. Hii ni sensa imekufa." (Sensa hapa si ile ya kuhesabu watu. Ni kile kidude kilicho ndani ya kopo kinachopeleka habari kwenye dashibodi.) Akaniuzia nyingine. Siku nne baadaye, alfajiri, kelele ileile. Nikarudi kwake. Safari hii akaniambia tusihangaike, tuchomoe plagi, tuunganishe zile nyaya mbili, kitu kinyamaze. Nami kwa uchovu, na viazi vinanisubiri, nikasema haya.

Hilo ndilo kosa lililonigharimu, na ndiyo sababu naandika haya.

Kwanza tuelewane kwa nini kelele inakuja na baridi. Kulanti, yaani yale maji ya rangi ya kupozea injini, kama maji yoyote, huvimba ikipata joto na kunywea ikipoa. Gari kama langu lina lita nane hivi kwenye mzunguko mzima. Injini ikitoka kwenye nyuzi 90 ikalala usiku kucha hadi nyuzi 10, hizo lita nane hunywea kiasi cha chupa ya soda ya mililita 300, au zaidi kidogo. Upungufu wote huo unaonekana kwenye kopo, maana kwingine kote mabomba yamejaa. Kwa hiyo kama kiwango chako kimeshapungua kidogo, mchana hutajua. Joto linakufichia. Alfajiri ndipo kopo linaposema ukweli, na ndiyo maana mistari ya juu na ya chini kwenye kopo la aina hii husomwa injini ikiwa baridi, gari likiwa mahali tambarare. Ukiegesha mlimani maji yanaegemea upande mmoja na sensa inaweza kukudanganya. Kwa dada yangu pana mteremko, kwa hiyo hilo nililikagua mapema: nilisogeza gari hadi barabarani palipo sawa. Likalia vilevile.

Sasa nirudi kwenye zile nyaya. Kwa wiki mbili gari lilikuwa kimya kama maji ya mtungi. Siku hiyo natoka Kisumu na machungwa, nimepita Ahero na Awasi, naanza kupanda kuelekea Kericho. Mlima ule ni mrefu, gari lina mzigo, jua linachoma. Nikasikia harufu tamutamu, kama sharubati iliyoungua. Nikatazama mshale wa joto: uko katikati, mahali pake pa kila siku. Nikaendelea kidogo. Ghafla mshale ukaruka hadi kwenye nyekundu. Baadaye nilielezwa kwamba kile kinachopima joto hupima maji yanayokigusa. Maji yakipungua sana, kinabaki kwenye mvuke na hewa, na mshale unaweza kukaa umetulia wakati injini inaungua. Kwa hiyo usiniambie "mimi huangalia mshale tu". Taa ya kiwango cha maji ndiyo inayotangulia, na mimi nilikuwa nimeiziba mdomo.

Nikatoka barabarani, nikazima. Akaja kijana wa bodaboda, mwenye roho nzuri, kitambaa mkononi, anataka kunifungulia kifuniko "kitoe moto". Nikamwambia, mwanangu, acha kabisa. Ndani mna maji yenye joto kupita la kuchemka, yamezuiwa na presha tu. Ukifungua yanakurukia usoni. Tulikaa kwenye nyasi zaidi ya nusu saa, tukamenya machungwa, hadi nilipoweza kushika bomba la mpira la juu ya rejeta kwa mkono bila kuruka. Ndipo nikafungua kifuniko polepole, robo mzunguko, nikasikia kikipumua, nikasubiri, kisha nikamalizia. Maji nikayatia kidogo kidogo. Maji baridi mengi kwa mara moja kwenye injini ya moto yanaweza kupasua chuma.

Nakuru kuna fundi mzee ambaye marehemu mume wangu alimwamini. Nilimweleza yote. Hakufungua hata boneti. Akauliza, "Hulia saa ngapi?" Nikasema alfajiri. "Basi mbona unaniletea saa nane mchana? Liache lilale hapa." Akatandaza katoni chini ya injini, akaenda zake.

Asubuhi nilifika kabla ya jua. Juu ya katoni palikuwa na matone matatu ya rangi ya waridi, hayakuzidi upana wa shilingi. Mzee akamulika pale bomba hilo la mpira linapovaa kwenye nyumba ya themostati (kile kidude kinachofungulia maji njia injini ikipata moto), nikaona gaga jeupe lenye wekundu, kama chumvi iliyokauka kwenye kingo za sufuria. Akaupinda mpira kwa kidole, ukawa mgumu kama kiatu cha zamani. Akanieleza hivi: mpira uliozeeka hukakamaa, na klipu huchoka. Usiku vyote vinaposinyaa, chuma na mpira havisinyai sawa, panabaki upenyo mdogo, na maji yanatoka tone kwa tone. Gari likipata joto mpira unavimba, upenyo unaziba. Hata kikitoka kitone mchana, kinakaukia juu ya chuma cha moto kabla hakijaanguka. Ndiyo maana fundi wa mchana haoni kitu. Yule kijana wa Kisumu hakunidanganya, alichokiona ndicho alichosema. Aliliona gari saa isiyo yake tu.

Akaleta pampu ya mkono yenye geji, akaifunga mahali pa kifuniko cha kopo, akapandisha presha hadi kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko chenyewe, injini ingali baridi. Mshale wa geji ukaanza kushuka na maji yakatiririka palepale. Akabadilisha mpira na klipu, akapima tena, mshale ukasimama. Alizirudisha zile nyaya na plagi mahali pake bila kuniuliza, akinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau.

Kuna mengine aliyonifundisha asubuhi ile. Kwangu sensa haikuwa na kosa, lakini huwa inakosea kweli. Zile zenye vijiti viwili hutambua maji kwa kupitisha umeme kidogo ndani yake, na vijiti vikishika gaga au plagi ikiingia kutu ya kijani, taa inawaka kopo likiwa limejaa. Zipo pia zenye boya na sumaku, na boya likinasa mambo ni yaleyale. Kanuni yake ni rahisi: injini baridi, mahali tambarare, maji yako katikati ya mistari miwili na bado inalia? Hapo laumu sensa au nyaya. Maji yako chini? Sensa inafanya kazi yake, tafuta yanakokwenda.

Gaga hilo kwa kiasi kikubwa tunajitakia. Maji ya visima vyetu vya Bonde la Ufa, haya yanayotutia rangi ya kahawia kwenye meno, yana madini mengi, na mimi nilikuwa nikiyamimina kwenye rejeta bila wasiwasi. Tia kulanti iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, usifuate rangi, maana waridi ya kampuni hii si lazima iwe waridi ya ile. Kama ni ya kuchanganya, tumia maji safi ya kuongezea betri yanayouzwa petroli steshini. Usiniambie kulanti ni ya Ulaya kwenye theluji. Hapa hatugandi, lakini tuna milima. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari na huko maji matupu kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, wakati injini yako inapenda kufanya kazi karibu na 90. Kinachokuokoa ni presha ya kifuniko na kulanti yenyewe. Kifuniko chenye mpira uliochanika kinaweza kukuvumilia Kisumu na kukuaibisha Mau Summit.

Kama katoni ni kavu na maji bado yanapungua, kagua ndani ya gari. Baridi ikija watu huwasha hita kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Kioo kikishika ukungu wa mafuta wenye harufu tamu, na zulia la mbele likiwa limelowa, hita inavuja. Kubaya zaidi ni gasketi ya hedi, kile kizibo bapa kati ya sehemu ya juu na ya chini ya injini: moshi mweupe mzito wa ekzosi usioisha hata injini ikipata moto, mapovu kwenye kopo, oili iliyogeuka kuwa kama chai ya maziwa. Ila ukiona utando mwembamba wa maziwa chini ya kifuniko cha oili tu, na wewe ni mtu wa safari fupi za baridi, usikimbilie kuuza ng'ombe. Huenda ni unyevu. Vuta kijiti cha oili utazame huko.

Na wenye vile vigari vidogo vya Kijapani: taa ya buluu asubuhi haisemi maji yamepungua. Inasema injini bado ni baridi, nayo huzima yenyewe. Jirani yangu alitaka kununua rejeta mpya kwa ajili ya hiyo buluu.

Kulanti iliyomwagika ifute. Ni tamu na ni sumu, mbwa huilamba.

Siku hizi nina kalamu ya wino mzito kwenye gari. Kila Jumatatu alfajiri, Molo, kabla ya kugusa ufunguo, nachora kistari kwenye kopo pale maji yalipo na kupiga picha kwa simu. Mwezi uliopita, alfajiri, nikakuta maji yameshuka tena kidogo, nikapiga picha, nikaenda zangu Kibuye. Nikapita kwa yule kijana wa Kisumu saa sita mchana, kopo likiwa limejaa kama kawaida. Alipoanza kucheka nikampa simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akatazama kopo, akatazama picha tena.

"Mathe," akasema, "leo gari linalala hapa."